Mkwaju wa Kwenye Karai

Juzi nimerudi kutoka kijijini kwetu Puge na karai la chuma lililotoboka. Nilikwenda kumzika bibi yangu, mama yake baba, na tulipoanua matanga vitu vyake vikagawanywa. Shangazi akaniuliza mimi nachukua nini. Kulikuwa na kanga mpya ambazo Bibi hakuwahi kuzivaa, kinu kizuri cha mninga na kigoda chake. Nikasema nataka karai. Shangazi akageuka kulitazama pale uani, kuku wanadonoa pumba ndani yake.

"Lile la kuku?"

"Lile."

Akawafukuza kuku, akanikabidhi. Msibani kila mtu anaachiwa wazimu wake.

Hapa nyumbani Ipuli binti yangu alinipokea mzigo, akaliinua karai juani, na mwanga ukapita kwenye matundu. "Yaani Mama, wenzako wanatoka msibani na kanga, wewe umetoka na karai bovu?" Nikamwambia si bovu. Lilitobolewa makusudi, maana zamani lilikuwa na mti. Akacheka, akatoa simu yake, akanionyesha picha. Ulikuwa mti mdogo wenye majani mekundu, umesimama kwenye kibakuli cha udongo juu ya meza. Shina lake lilikuwa na makunyanzi ya mti wa porini, lakini mti mzima haukupita urefu wa mkono wangu. Alisema ni wa Wajapani, wanaufuga nyumbani kama sisi tunavyofuga kuku, na kuna iliyoishi kuliko watu waliowahi kuimwagilia.

Niliitazama picha ile mpaka simu ikajizima. Bibi yangu hakujua lolote kuhusu Wajapani. Kusoma kwake kuliishia kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani. Lakini mti wa namna hiyo aliulea miaka sita, na kilichoupata sijawahi kumwambia mtu.

Basi kaa, nikuambie wewe.

Kwetu, kitovu cha mtoto kikishadondoka, Bibi alikizika pamoja na mbegu ya mkwaju. Mti ukiota ni wa mtoto huyo, na hakuna anayeruhusiwa kuukata. Wangu uko Puge hadi leo, nyuma ya nyumba ya Bibi, na watu wawili wakishikana mikono hawawezi kuuzunguka. Mimi nilizaliwa kabla baba hajapata kazi reli. Mdogo wangu alizaliwa kwenye stesheni ndogo upande wa kwenda Kigoma, katika nyumba ya kazi, ambayo leo unalala na kesho unaambiwa funga virago. Bibi alikuwa amekuja kumuuguza mama uzazi. Alikataa katakata kukiacha kitovu cha mjukuu wake katika ardhi ya kupita. Wazee wake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu kwenye njia hiyohiyo kabla reli haijalazwa, na alikuwa na neno lake: "Mtu wa njiani hapandi mti, hubeba mbegu." Akachukua karai la baba la kukorogea zege. Baba akalitoboa kitakoni kwa msumari. Kitovu cha mdogo wangu kikaingia humo pamoja na mbegu.

"Mti utakaa humu mpaka wewe upate kiwanja," Bibi akamwambia baba.

Tulihama mara tatu. Kila mara Bibi alipanda behewa la mizigo akakaa karibu na karai, hata kama kwetu sisi kulikuwa na nafasi. Hatimaye baba akaletwa Tabora, tukapanga vyumba viwili hapa Ipuli, katika nyumba ambayo sasa imebomolewa na mahali pake pana duka la vifaa vya ujenzi.

Nikifumba macho nauona uga ule. Naisikia honi ya treni na nayasikia mawe ya jirani yakisaga karanga. Asubuhi tulikunywa uji wa ukwaju, mchachu kiasi cha kukukunja uso, halafu Bibi anatoka kwenda kwenye mti wake. Hakuumwagilia ovyo. Alizamisha kidole kwenye udongo mpaka kwenye fundo la kwanza, kikitoka kikavu ndipo anamimina kata moja, taratibu, mpaka maji yaanze kudondoka chini. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliligeuza karai robo, ili kila upande upate jua lake. Matawi aliyainamisha kwa uzi wa katani uliofungwa vijiwe. Na kila mwaka, mvua za kwanza zikishapiga, aliutoa mti mzima, akauchana udongo kwa kijiti kama anayechana nywele, akakata mizizi minene kwa kisu alichokipitisha motoni. Ile myembamba kama nyuzi aliiacha. Akaurudisha ndani kwa udongo mpya: wa kichuguu, mchanga wa mtoni na samadi iliyokaa mwaka.

Jioni majani ya mkwaju hujikunja. Mdogo wangu aliletewa kigoda akaketi mbele ya mti wake kuutazama ukilala. "Bibi, umeshafumba," alitangaza. Ndipo naye alikubali kuingia ndani.

Hakukua. Hilo ndilo la kusema. Alikuwa na miaka sita, na wageni walimdhania mitatu. Viganja vilimvimba, miguu ikamuuma usiku na mchana, macho yakawa ya njano. Hospitali walisema ni ugonjwa wa damu, wa kuzaliwa nao. Leo najua jina lake, seli mundu, na najua uko kwa wengi. Wakati ule nilijua tu kwamba maumivu yakija mama anakanda kwa maji ya moto, na baba anatoka nje.

Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, Bibi alikataza asichapwe hata kofi. Mimi nilichapwa. Basi yule mtoto akajichukulia makosa yote ya nyumba. Sukari ikipungua, yeye. Kibuyu kikivunjika, yeye. Bibi anatoka na fimbo, "Nani?" na yeye, kutoka mkekani, "Mimi, Bibi." Bibi alijua. Anashika kiuno: "Mwizi wewe! Na mvua ya juzi iliyokatika ghafla, nani kainywa?" "Mimi, Bibi." "Na meno yangu ya mbele?" "Mimi, Bibi, niliyatafuna." Nyumba nzima inacheka, fimbo inarudi darini. Nilipona viboko vingi kwa njia hiyo.

Sasa alikuwepo jirani mmoja, mama wa mlango wa pili, mwenye roho nzuri na mdomo mpana. Siku moja nilikuwa namsaidia kupepeta karanga. Akamtazama mdogo wangu aliyejilaza kivulini, akautazama mti. "Bibi yenu namheshimu," akasema, "ila mti wenye kitovu cha mtoto anaukata mizizi kila mwaka, halafu mnamlilia Mungu mtoto hakui, miguu inamuuma. Mizizi si ndiyo miguu?"

Alisema akaendelea na karanga zake. Mimi sikuendelea na kitu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilihesabu hivi: mti wangu uko ardhini Puge, mkubwa, nami sijawahi kulazwa hata siku moja. Wake uko kwenye karai. Hesabu ilikuwa imekamilika.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa kali kuliko miezi yote, wiki kadhaa kabla ya mvua. Bibi alikwenda sokoni, mama alikuwa kisimani. Nilichimba shimo karibu na bafu la makuti, mahali ambapo udongo ulikuwa laini kwa maji ya kuogea. Niliupindua mti kutoka kwenye karai. Mzizi mmoja ulikuwa umejibana kwenye tundu, nikavuta kwa nguvu, ukakatika. Mdogo wangu aliniomba naye afanye kitu. Nikamwambia aushike mti usimame wima wakati nafukia. Akaushika kwa mikono miwili.

"Utakuwa mkubwa?"

"Mkubwa sana."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Nitakimbia?"

"Utanishinda."

Tulipomaliza nikanawa mikono kwa maji yaliyobaki, nikamwacha pale, nikachukua ndoo kumfuata mama kisimani. Niliporudi, ndoo kichwani, Bibi alikuwa amesimama na kikapu chake mbele ya bafu. Mdogo wangu alikuwa ameketi chini kando ya mti, viganja vyake vimejaa tope.

"Nani?" Bibi akauliza.

"Mimi, Bibi."

Nilingoja aseme neno la kuchekesha. Nilingoja mvua na meno. Bibi alivitazama viganja vile, akautazama mti, akaweka kikapu chini polepole kama kina mayai. Hakumgombeza. Alimwinua, akamnawisha, kidole kimoja kimoja. Baadaye nilimsikia akimwambia mama jikoni kwa Kinyamwezi, sauti ya chini, kwamba mwenye mti ameung'oa mwenyewe.

Ningeweza kusema pale pale. Ndoo ilikuwa bado kichwani. Nilichoogopa ni fimbo, rafiki yangu. Sitaki kukupambia maneno: niliogopa fimbo tu.

Bibi aliujengea mti kibanda cha gunia, akaumwagilia alfajiri na jioni. Majani yalijikunja mchana, yasifumbuke tena. Siku ya nne yakaanza kupukutika. Mdogo wangu alishikwa na homa wiki iliyofuata. Alikaa hospitali siku tano, akafariki asubuhi, mvua ikiwa bado haijanyesha. Tulimpeleka Puge. Kabla jeneza halijafungwa Bibi aliuchimbua mkwaju, mkavu, akaufunga kwenye kitenge, mizizi na matawi yake yote, akaulaza ubavuni mwake. Ulienea. Mti mzima ulienea ndani ya jeneza la mtoto, na ikabaki nafasi.

Bibi hakurudi nasi mjini. Alibaki Puge na karai tupu.

Najua mti haukumuua. Nimelea watoto, nimekaa kliniki kwenye mabenchi yale marefu, nimeelezwa. Hilo lilinitoka rohoni miaka mingi iliyopita. Lililobaki ni jingine. Kila mwaka tulikwenda kufyeka kaburi lile, na kila mwaka Bibi alipiga magoti, akang'oa majani kwa mkono, akaongea na mjukuu wake kama anamnong'oneza mtu aliyelala: "Ungeniambia tu, baba, kama ulikuwa umechoka. Ungeniambia, nisingekushikilia." Mimi nimesimama nyuma yake, nimeshika jembe. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtoto. Mwaka wa kumi nilikuwa mtu mzima. Nilipoolewa nilikwenda na mume wangu, akayasikia maneno yale, akaniuliza njiani maana yake nini. Nikasema, uzee.

Bibi aliamini kwamba mtoto wa miaka sita alichoka na maisha akajing'olea mti wake. Aliishi na hilo. Neno moja langu lingemtua mzigo huo.

Mara ya mwisho nilipomkuta akiwa na fahamu zake, mwezi kabla hajafa, nilimpikia uji wa ukwaju. Macho yalikuwa yamekwisha, akaujua kwa harufu. Tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Shikamoo, Bibi," ingawa nilishamwamkia. Akacheka, "Marahaba ya pili hiyo, unataka nini?" Nikasema, "Bibi, ule mkwaju wa kwenye karai..." Akanyoosha mkono akanitafuta goti, akaligusa. "Achana nao, mjukuu wangu. Mwenyewe aliamua. Mimi nimeshamsamehe."

Alimsamehe. Kisha akaomba kijiko, nami nikaleta kijiko, nikamlisha mpaka bakuli likaisha.

Leo hayupo wa kuambiwa. Mama alitangulia, baba akafuata bila kupata kile kiwanja. Yule jirani alihamia kwa wanawe. Nyumba imevunjwa. Sijui mtu mwingine aliye hai anayekumbuka kwamba hapa Ipuli palikuwa na mti uliofumba macho jioni na mtoto aliyeulinda mpaka ulale.

Jana binti yangu aliosha karai, akalijaza udongo, akasema anataka kujaribu. Kaangalia kwenye simu jinsi ya kukata mizizi, nami nikamwonyesha kidole kinavyozama mpaka fundo la kwanza. Akaniuliza mti wa zamani ulikuwa wa aina gani, nikamwambia. Akauliza ulikufaje. Nikamwambia uling'olewa kiangazi, ukapandwa juani.

"Mama! Nani alifanya ujinga huo?"

"Mimi," nikasema.

Akaguna, akaendelea kupapasa udongo. Kwake lilikuwa jibu la kawaida. Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa la mjomba wake, kwamba alilisema siku zote kwa ajili yangu, na kwamba mimi limenichukua maisha yote kulitamka. Waliopaswa kulisikia, yeye na Bibi, wamelala Puge, bega kwa bega, nyuma ya nyumba, chini ya mkwaju wangu. Saa za jioni kivuli chake kinawafunika wote wawili.