Keki Iliyosifiwa na Kila Mtu

Matibabu ya saratani yalipokwisha, mshauri nasaha wa kliniki alinikabidhi karatasi yenye maua pembeni, akaniambia nijaribu kuoka, eti kuoka huponya moyo. Sikumuuliza yeye mwenyewe alioka mara ya mwisho lini. Nilirudi Ruiru, nikawasha jiko, nikatia mchanga kwenye sufuria kubwa na kupanga makaa juu ya kifuniko.

Shida ilikuwa ulimi. Dawa zilikuwa zimeniachia ladha ya misumari mdomoni, kwa hiyo nilioka kwa kukumbuka tu. Mume wangu, aliyetoka zamu ya kiwandani Thika, alikula kipande kizima akasema ni tamu. Huyu ndiye mtu anayerudisha chai jikoni kwa sababu majani yamezidi.

Alasiri wakaja akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, wamebeba unga, mafuta ya kupikia na nyuso za matanga. Sasa, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kikundi. Kila ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, mimi ndiye niliyetangaza mchele wa nani umeungua na pilau ya nani haina nyama. Siku hiyo walikuwa na nafasi ya kunilipiza. Walitafuna polepole, wakashushia maji, wakasema Mungu ni mwema na keki ni tamu sana. Mwenyekiti aliomba kipande cha kubeba. Kwetu, mtu husifiwa hivyo akiwa ndani ya jeneza. Niliogopa kuliko siku daktari aliponipa majibu.

Mlango wa pili kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga anakaa mama muuza mandazi, ambaye tumegombania naye kamba ya nguo tangu ahamie. Alikuwa akianika blanketi zake zinazochuruzika maji juu ya nguo zangu kavu. Niliponyonyoka nywele aliniachia kamba yote, akawa ananipa pole kila asubuhi. Pole hiyo iliniuma kuliko sindano.

Jioni nilimpelekea kipande. Sikuwa na wema wowote moyoni. Nilitaka kujua kama hata yeye ameshanizika. Aliuma, akanitazama, akatema kwenye kiganja.

"Wee mama, hii umeweka chumvi mahali pa sukari," akasema. "Hata kuku hawezi kula. Na vile ulikuwa unacheka mapishi ya watu!"

Nilimwita mshamba. Akasema afadhali mshamba anayejua sukari. Tuligombana pale mlangoni mpaka nikaishiwa pumzi na kushika ukuta, naye akaniletea kiti bila kuacha kunitukana.

Asubuhi iliyofuata nilikuta blanketi zake tatu zinachuruzika juu ya shuka zangu. Nililia kwa furaha, peke yangu, katikati ya ua. Kisha nikazitoa moja moja, nikazitupa kwenye beseni lake, nikaenda kumgongea mlango.