Otonomi

Nilihitaji muhuri mmoja tu. Kiwanda cha Panda kilikuwa tayari kunipa kazi, mradi ofisi ya komine, serikali ya mtaa wetu, ithibitishe kwamba mimi ni raia mwema, na karani wa komine alitaka kuona kila nilichowahi kuandika. Nikampelekea tasnifu yangu ya uhandisi. Baba alinisindikiza, kwa sababu nikiwa peke yangu huwa najibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Karani alisoma jalada, akakwama kwenye neno moja.

"Otonomi," akasema. "Weye enjenyeri, unatafuta otonomi ya nani? Hapa kwetu?"

Nilikuwa nimekaa na neno hilo miaka miwili bila kulisikia. Kwangu lilikuwa la hesabu; kwa wengine lilimaanisha kujitawala. Na katika mkoa uliowahi kujitenga na nchi, mkoa ambao hata jina lake la zamani halikuandikwa tena, mimi nilikuwa nimelipiga chapa kwa herufi kubwa.

Nikaanza kueleza: chombo kikiwa mbali sana angani, amri kutoka duniani huchelewa, kwa hiyo kinapewa akili bandia, kanuni za "ikiwa hivi, fanya vile", ili kijiamulie chenyewe. Kila sentensi ilinizamisha zaidi.

"Kisingoje chefu, mukubwa yake?" karani akauliza.

Baba akaingilia, akimwita karani "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa. "Situayeni, ni kama minye mwenyewe kule Koni. Telefone ikikatika na maji inapanda, minye nafungula milango ya maji. Siulizake muntu."

"Na nani alikupa ruhusa?"

Baba alikuwa amelinda mitambo ya umeme ya Koni tangu sijazaliwa, na sikuwahi kumwona akiangalia viatu vyake namna ile.

"Badilisha," karani akasema, bila ukali. Nadhani naye aliogopa. "Andika kintu yenye kutii."

Nikalikwangua neno kwa wembe wake, nikaandika "utiifu" juu ya kovu la karatasi. Ndani, kurasa zote ziliendelea kusema kinyume, ila karani hakuzifungua. Akagonga muhuri.

Njiani baba aliuliza, "Sasa ile kintu yako ikipotea kule yulu angani, itafanya je?"

"Itangoja, baba."

"Masikini yake."

Nilianza kazi Jumatatu. Mezani waliniwekea simu, pamoja na agizo kwamba nisiguse chochote kabla haijalia.