Vifuniko Vitatu vya Bomba la Zaida

Ukimuuliza Chaquir Ussi mwenyewe, atakwambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuuza sufuria mbovu. Ukiwauliza wanawake wa Palma, watacheka kwanza. Sufuria za Chaquir ni nzito, hazitoboki, zinadumu. Lakini mifuniko yake, mama wee, inacheza ngoma. Wali ukianza kuchemka, nyumba ya tatu wanajua nani anapika.

Kosa halikuwa la mikono yake, lilikuwa la haraka yake. Chaquir hukandamiza sufuria ya zamani kwenye mchanga wenye unyevu, akaitoa, kisha kwenye alama iliyobaki akamimina alumini aliyoiyeyusha kutoka kwenye makopo na injini za pikipiki zilizokufa. Alumini ikipoa hujikunyata. Kwa hiyo sufuria mpya huwa ndogo kidogo kuliko ile iliyoizaa, na ukiitumia hiyo mpya kuzalia nyingine, itakuja ndogo zaidi. Waundaji wa sufuria wa huku hawaoni tabu. "Panela imezaa," husema, yaani sufuria imezaa, na ndivyo wanavyopata zile zinazopangana moja ndani ya nyingine. Mifuniko nayo huzaa, ila Chaquir hakuwa na subira ya kujua mfuniko gani ni wa sufuria gani. "Karibu sawa," alikuwa akisema, akamkabidhi mteja pamoja na tabasamu. Na lile tabasamu, tuseme kweli, limeuza sufuria nyingi.

Chaquir huyu alimpenda Zaida. Alimpenda hata akawa anapita mbele ya duka lake, barabara ya kwenda Mute, siku ambazo safari yake ilikuwa upande wa pili wa mji. Zaida aliuza sukari, sabuni na petroli ya pikipiki kwenye chupa. Alikuwa ameolewa mara moja akaachika, na hakuwa na haraka ya kurudia.

Mbele ya duka lilisimama bomba la petroli la babu yake, refu kuliko mtu, lile la kuvuta kwa mkono. Enzi zake ulikuwa ukivuta mpini huku na huku, petroli inapanda kutoka kwenye pipa na kujaza bilauri ya kioo ya lita tano. Hiyo ikishuka kwenye tangi la mteja, bilauri ya pili inajaa. Kila mtu aliona kwa macho yake anachonunua. Watu walipokimbia vita, wachukua vyuma chakavu walilikuta halina mwenyewe, wakang'oa mpini pamoja na vifuniko vitatu kati ya vinne vinavyoshika vile vioo viwili juu na chini. Vioo vyenyewe viliokoka kwa sababu Zaida alikuwa amevishindilia ndani ya godoro la sufi. Aliporudi alivikuta vizima, juu ya godoro amelala paka asiyemjua.

Basi Chaquir akamtuma dada yake, Cadija, apeleke posa. Mahari hutajwa na bibi arusi mwenyewe, na Zaida hakuomba muda wa kufikiri.

"Mwambie kakako sitaki dhahabu, sitaki kitanda," alisema. "Mahari yangu ni bomba la babu. Lipandishe gasolina, na lisivuje hata tone. Nilishaolewa na ntu wa karibu sawa, Cadija. Wa pili simtaki."

Chaquir aliposikia aliruka kwa furaha. Bomba tu! Asubuhi moja akaunda mpini. Ngozi ya kuvutia mafuta akaipata kwa mtengeneza ngoma. Kisha akachukua kile kifuniko kimoja kilichobaki, akakikandamiza mchangani mara tatu, akamimina, akapata vifuniko vitatu vinavyong'aa. Akamwita Zaida aje aone.

Zaida alikuja na kioo kimoja amekifunga kwenye kapulana, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni, kama mtoto mchanga. Chaquir akakishika, akakishusha kwenye kifuniko. Hakikuingia. Akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu. Vyote vilikuwa vimejikunyata.

"Karibu sawa," ulimi ukamponyoka.

Zaida alikifunga tena kioo chake, polepole. "Haya, fundi," akasema. "Kesho njema."

Siku zote alikuwa akimwita Chaquir. Lile neno fundi lilimchoma kuliko alumini ya moto. Alishika tupa akaanza kukwangua kifuniko kwa ndani ili kipanuke, lakini ukuta wake ulikuwa mwembamba, na punde kidole chake kikatokeza upande wa pili. Alikwenda nyumbani akaketi ukumbini, amejikunyata naye.

Cadija alikuwa uani anasaga msiro juu ya jiwe, ule mti unaotoa uji mweupe wanaojipaka wanawake usoni. Mashavu yake yalikuwa meupe tayari, naye bado anaongeza.

"Si umeshapaka?" Chaquir aliuliza, kwa kutaka kugombana na mtu.

"Wa kwanza ukikauka unajikaza, unapungua. Lazima uongeze mwingine juu. Hata hilo hulijui?"

Chaquir alimtazama dada yake usoni kwa muda mrefu, mpaka Cadija akaona haya.

"Nipe msiro wako."

"Kaka! Unataka kuchezwa mwali?"

"Si mimi. Kifuniko."

Akakipaka kifuniko cha zamani kwa nje, akakianika juani, akakipaka tena, akakilainisha kwa kidole chenye maji, mpaka kikanenepa. Habari ilipita ua kwa ua, na wanawake wakaja kukiona. Wakakipigia vigelegele, wakamuuliza kama kishapata mchumba. Chaquir hakujali. Alikipaka majivu kisishike mchanga, akakikandamiza, akamimina.

Safari hii vifuniko vilitoka na nyama ya kutosha. Akavikwangua kwa ndani kidogo kidogo, na kila baada ya kukwangua alikwenda kwa Zaida kupima kwa kioo chenyewe, kisha akarudi. Kimoja kilikuwa na kitundu ukingoni, kidogo kama tundu la sindano, mahali ambapo hapana mtu angepaona. Chaquir alikitazama, akavuta pumzi, akakitupa kwenye moto kiyeyuke akaunda kingine. Cadija aliyaona hayo, na kwa mara ya kwanza alimwonea fahari kaka yake.

Siku ya kujaribu, Zaida mwenyewe ndiye aliyeshika mpini. Akavuta huku, akavuta huku. Petroli ikapanda, rangi yake kama chai hafifu, bilauri ikajaa, kisha ya pili. Zaida akatoa kitambaa cheupe, akapangusa chini ya kila kifuniko, akakitazama, akakinusa. Kilikuwa kikavu. Akacheka kwa sauti ambayo Palma haikuwa imeisikia tangu arudi.

"Umepata, Chaquir," alisema.

Siku ya harusi, ami yake Zaida, Tuaibo, aliyekuwa walii wa kumwozesha, aliingia chumbani kumuuliza bibi arusi kama ameridhia na kama mahari yake ameipokea. Desturi ni kujibu kwa sauti ndogo, ya aibu. Zaida alijibu wakamsikia mpaka barazani walikoketi wanaume:

"Nimepokea, ami. Na halivuji!"

Baraza zima likaangua kicheko, shehe naye ikabidi angoje. Chaquir alicheka huku machozi yanamtiririka, na alipoulizwa kama ameikubali ndoa, alijibu mara mbili, asije mtu akasema amekubali karibu sawa.