Alamisho Tulizowawekea Wasomaji wa Bungoma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya Kitale, sikushika kitabu hata kimoja. Msimamizi wa maktaba, mama mpole lakini asiyependa mzaha, alinisimamisha karibu na mlango nisikilize tu watu wanauliza nini. Wakulima waliuliza habari za mahindi yaliyoota ukungu ghalani, wanafunzi wakauliza karatasi za mitihani. Jioni akaniambia, "Hiyo ndiyo kazi. Rafu utajifunza kesho."

Nilizijifunza, pamoja na kukipa kila kitabu namba ya somo lake ili kipatikane upesi. Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilihamishiwa Bungoma, na huko tukaletewa kompyuta zenye intaneti. Watu walizipenda, ila wengi walimaliza zamu zao wakitafuta tu, wakaondoka mikono mitupu. Ndipo mwalimu mmoja wa kompyuta pale mjini akanionyesha alamisho za mtandaoni. Alamisho ya kawaida ni kile kikaratasi unachoacha kitabuni usipoteze ukurasa. Hizi zilihifadhiwa kwenye intaneti, na yeyote aliweza kuzifungua akiwa popote. Nikafungua ukurasa wa maktaba. Kila tovuti niliyoisoma na kuiamini niliiweka hapo, nikaiandikia maelezo mafupi ya Kiswahili na lebo, yaani neno moja la kuitafutia: mahindi, mitihani, afya.

Mkutubi Mkuu wa Mkoa alipokuja kukagua, hakufurahi. Watu wakisomea huko nje na viti vikibaki vitupu, alisema, maktaba itafungwa na sote tutaenda nyumbani. Akataka niufute ukurasa ule kabla hajaondoka. Nilikuwa na watoto shuleni, na kubishana na mkubwa sikuwa nimezoea. Niliomba tu nimalize kwanza kuhudumia waliokuwa kwenye foleni.

Mmoja wao alikuwa mama kutoka Malakisi, mkulima wa tumbaku. Binti yake alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na majirani walishikilia kwamba amerogwa. Mwalimu wa huko alimfungulia ukurasa wetu kwenye saiba, duka la kukodi intaneti, akamsomea tovuti moja yenye lebo ya afya. Hapo akajua kwamba homa ya mtoto kama huyo haingojwi. Ilipompanda, alimkimbiza hospitalini mara moja, na daktari akamwambia amewahi. Sasa alitaka kujua zaidi.

Mkubwa wangu, aliyekuwa nyuma yangu akisikiliza, akamuuliza, "Mama, kama ulisomewa huko Malakisi, mbona umekuja hadi hapa?"

"Si nilitaka kuona mwenye aliandika," mama akajibu. "Na kuna maswali ingine haiko kwa hiyo kompyuta."

Mzee akamvutia kiti. Mama alipoondoka aliniambia, "Usifute, Madam Nasimiyu. Lakini kila Ijumaa uzikague zote. Tovuti isiyofunguka ni sawa na kitabu kilichong'olewa kurasa."

Nilizikagua kila Ijumaa hadi niliporudishwa Kitale, na huko nikawafundisha wenzangu. Baadaye wenye chombo kile cha kuhifadhia alamisho walikifunga. Tulihamisha tulichoweza, na sikuhuzunika sana. Kusoma kabla ya kumwelekeza mtu hakukutegemea chombo chochote.

Sasa nimestaafu, na Kitale ndiko nyumbani. Mara kwa mara mtu hunisimamisha sokoni, "Madam, kuna website poa ya kuku?" Humwomba anipe hadi kesho. Kisha narudi nyumbani, natafuta miwani, nakaa chini nasoma.