Mashini ya Fundi wa Kamalondo

Hapana, sikusahau. Muko tayari kuniuliza, ninaiona ku macho yenu, basi ninajibu mbele. Bantu banafikiri muzee anasahaulaka. Miye nilijua vizuri kile nilipashwa kusema mule mu bureau ya bakubwa ba masomo. Ilikuwa neno moya tu: soko. Mujukulu wangu alinifundisha siku mbili, vile banafundishaka mutoto sala. "Nkambo, bakikuuliza fasi ulisikia ile habari, utasema nini?" "Ku soko." "Nani alikuambia?" "Mama moya wa kuuzisha mboga ya lengalenga, simujue jina." Nilijua yote.

Lakini nianze nyuma kidogo, bila ile mutaniita muloji, muchawi wa mujukulu wangu mwenyewe.

Miye sikusoma. Baba yangu alitumikaka ku chemin de fer, na alikuwa na sauti ya treni yenye kupanda mulima: "Mwanamuke... kusoma... ya nini? Atasomea sufuria?" Basi habari za maisha yangu sikuziandika mu kaye. Niliziweka mu sauti za bantu. Kama padri alisema kitu, kile kitu kinabakia mu kichwa yangu na sauti ya padri, na vile anamezaka mate mbele ya kusema zambi. Siwezi kuondoa sauti nibakie na maneno peke. Hapa quartier yetu ya Hewa Bora batoto banaingiaka mu lupango yetu kulomba: "Nkambo, fanya chef wa quartier! Fanya mama wa choral!" Ninafanya. Mama wa choral mwenyewe, akipita pa mulango yetu, anakimbiaka.

Mujukulu wangu alikuwa anasoma droit, masomo ya sheria. Aliisha kuanguka mara mbili mu somo moya, ile ya mapatano, ya kuuzisha na kununua. Ukianguka mara ya tatu banakufungia mulango, kwisha, urudie kukaanga mikate. Baba yake, mutoto wangu wa kwanza, anatumikaka ku mine, kule Kinsevere, anashuka mara moya ku mwezi. Akifika, hata viatu hayavua, mavumbi iko mu shingo: "Avocate wangu iko wapi?" Siku zote vile. Na mujukulu wangu anatoka mu chumba, anaitika: "Niko hapa, papa." Kila mwezi aliitika na sauti ya chini kuliko mwezi wa mbele.

Kisha bwana moya akaanza kuya. Siku ya yenga, siku ya Mungu, misa ikisha kwisha. Alikuwa assistant wa ile somo, anasaidiaka professeur kusahihisha na kuchapa makaratasi. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka ungekatia nayo kitunguu. Alikuwa anaikala ku salon na mujukulu wangu, miye nyuma ya rideau, pazia ya mulango, na lengalenga yangu mu sahani. Nilifikiri ni muchumba. Alikuwa na kikohozi ya ndani ya pua, hm-hm, mbele ya kila neno. Nikamuambia mutoto: "Muchumba wako anakohoa kama kuku mwenye kumeza mufupa. Batoto benu batazaliwa na mafua."

Hakucheka. Yeye, mwenye nilikuwa ninamuchekesha hata mu misa. Nilipashwa kuogopa pale. Nikaendelea kuchagula lengalenga.

Siku ya yenga ya tatu nilisikia hivi:

"Hm-hm. Andika, mademoiselle. Fundi moya wa kushona, ku Kamalondo, anauzisha mashini yake kwa mwenzake siku ya kwanza. Mwenzake atakuya kuikamata siku ya tatu. Siku ya pili moto inaingia mu nyumba, mashini inaungua. Hm-hm. Nani analipa?"

Nilisikia bic ya mutoto inaandika. Kisha yule bwana akashusha sauti, polepole, kama muntu mwenye kufunga mulango asiamushe wenyewe nyumba:

"Haiko bure, unajua."

Makala ilipasuka mu mbabula ya kupikia, nikaruka. Wakati wa kuenda, bwana alifungula rideau aniage. "Bakia muzuri, mama." Aliniangalia vile unaangaliaka kiti.

Na miye, mujinga mukubwa, ile yote nilisikia nini? Nilisikia fundi mwenye mashini yake iliungua. Nikamuonea huruma! Kamalondo ninajua, fundi wangu iko kule tangu bwana yangu alikuwa muzima. Nyuma ya siku mbili nikaenda kukamata kikwembe yangu yenye alikuwa anashona, nikasimama katikati ya mafundi.

"Iko wapi ule mwenzenu mwenye kuunguza mashini?"

"Mashini gani, Nkambo? Hapa hakuna mwenye kuungua, ni njaa tu inatuunguza."

Nikabaelezea. Ile yote, na hm-hm yake, na andika mademoiselle, na nani analipa. Balicheka mpaka miguu ikaachana na pédale. "Nkambo, fanya tena! Ule ni nani anaongea na pua?" Nikafanya tena. Nikafanya mara ya tatu, na mukono ku kiuno. Fundi wangu alipanguza machozi, akasema, "Kijana wangu nayeye anasoma droit. Leo magaribi nitamuuliza nani analipa."

Nikarudia nyumbani na kikwembe yangu, moyo mweupe.

Siku ya ine ya ile yenga ilikuwa examen, mutihani ya ile somo. Mutoto alirudia, akaikala pa mulango. "Ilikuwa muzuri?" "Ilikuwa muzuri, Nkambo." Uso yake ilikuwa na rangi ya mayi yenye umefulia. Hakukula. Kesho yake, hakukula.

Yenga nzima ikapita, barua ya faculté, ya masomo yake, ikafika. Aliisoma wima. Kisha akaniuliza, "Nkambo, ulienda Kamalondo kufanya nini?"

Ile sauti siwezi kuwafanyia. Nilijaribu, peke yangu, mu chumba. Haitoke.

Pale njo alinielezea. Ile habari ya mashini haikutokea ku fasi yoyote. Professeur aliitunga mu kichwa, akaiandika na mukono, akamupa assistant achape kwa siri, ikalala mu enveloppe ya kufungwa mpaka siku ya examen. Na kijana wa fundi, kufungula karatasi yake, alikuta mule ndani habari yenye baba yake alimuuliza siku mbili mbele ya examen. Akaenda kusema ku faculté, na jina yako ikatoka ku mafundi. "Sasa balikuita, Nkambo. Utasema ku soko."

Nikamuuliza, "Na ule bwana, alisema haiko bure. Ulimulipa nini?"

Aliangalia ukuta.

"Bado. Alisema kisha résultats, matokeo ikitoka."

Sikulala muzuri zile siku mbili. Nilirudilia: soko, soko, mama wa lengalenga.

Tulipanda escalier ya faculté pamoya, alinishika mukono. Ndani walikuwa batatu nyuma ya meza. Doyen, mukubwa wa faculté, mwanaume munene, sauti ya mafuta: "Karibu mama, ikala, usiogope, hatukulake bantu." Pembeni yake mama professeur, ule wa somo yenyewe, mudogo kama mutoto wa komunyo, macho haipepese. Na ku mwisho wa meza, na karatasi na bic, kwa kuandika yote yenye itasemwa, alikuwa bwana wa siku ya yenga.

Hakuna mwenye alituambia ataikala pale.

"Mama, ile habari ya mashini ulisikia fasi gani?"

"Ku soko."

Bic ikaandika. Krr, krr.

"Nani alikuambia?"

"Mama wa lengalenga. Simujue jina."

Krr, krr. Yule bwana hakuinua kichwa, lakini nikaona mashavu yake inajaa kidogo, kama ya muntu mwenye kushiba. Doyen akaanza kukusanya makaratasi. Nikawaza: tumepona. Kisha nikaangalia ile mashavu tena, nikakumbuka neno yake: kisha résultats.

"Ngoja kwanza," mama professeur akasema. "Mafundi balituambia unaigaka sauti za bantu. Tuigie ule mama wa lengalenga. Alikuambia namna gani?"

Bamama ba lengalenga niko nabo mingi mu koo. Nikachagula moya wa hapa kwetu, wa kulalamika: "Weee mama, sikia maajabu! Kuko fundi moya wa kushona, ku Kamalondo..."

Na pale ikakuya. Hm-hm. Sikuiita. Mama wa lengalenga akaanguka, kama kikwembe yenye haikufungwa muzuri, na mwengine akasimama mu fasi yake. "Andika, mademoiselle." Mutoto alifinya vidole vyangu mpaka mufupa. Siku ya kwanza, siku ya pili, moto, hm-hm, nani analipa. Bengine banasema nilipashwa kuuma ulimi. Pengine. Sijue kama nilijaribu na nguvu yote. Ile sauti ikishaanza, inaendaka mpaka ku mwisho, na mwisho yake munaijua:

"Haiko bure, unajua."

Bic ilisimama. Doyen aliangalia dirisha. Na yule bwana, kwa woga, alikohoa. Yeye mwenyewe. Mu pua.

Hm-hm.

Mama professeur hakupandisha sauti. Alimuangalia yeye, kisha akamuangalia mutoto wangu, akasema:

"Assistant, weka bic chini. Mademoiselle, na weye, weka carte yako ya étudiant pembeni yake. Munatoka nyote babili."