Meza ya Mkaratusi

Jumatano baada ya Pasaka mke wangu alifariki, hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi. Tulitoka naye Kivu ya Kusini tukiwa vijana. Sasa maharagwe napalilia peke yangu.

Kwetu, matanga yakiisha, familia huacha kitu kanisani kwa ajili ya marehemu. Kanisa letu lilikuwa likiandaa Meza ya Bwana juu ya dawati la shule, basi nikaamua kumtolea meza. Nilitaka mvule. Nikazunguka Mbarara, bei ya mvule sikuiweza. Fundi mmoja Mwislamu akanionyesha ubao mpana, laini, wenye wekundu kidogo. Nikamuuliza ni mti gani. Mkaratusi, akasema.

Nikacheka. Mkaratusi naujua: unakua upesi, na ukiupasua ungali mbichi unajipinda na kupasuka.

"Ile ya kuni haikusoma, mzee," akasema. "Hii tumepeleka shule."

Akanionyesha. Mti hukatwa vipande vifupi, penye ubovu hutupwa, vinavyobaki hukaushwa. Ncha huchongwa meno, na meno ya kipande kimoja huingia katika meno ya kingine kwa gundi, kisha vyote hubanwa kwa mashine. Kinachotaka kupinda juu huwekwa kando ya kinachotaka kupinda chini, vizuiane. Nilipitisha kidole kwenye maungio, sikuhisi kitu. Mbao nimeziona nyingi. Akili kama ile sikuwahi kuiona.

Hata hivyo nilisita, akanipa kipande. "Weka kwa maji. Ikiachana, wewe usinunue."

Nyumbani nikakiloweka ndani ya ndoo, nikakianika juani, nikakiloweka tena. Nasema kweli: kuna asubuhi nilitamani kiachane, nipate mtu wa kumkasirikia. Hakikuachana. Nikarudi Mbarara.

Meza ililetwa na gari la mizigo lililopitia Kaberebere. Mzee wa kanisa akaigonga kwa kidole.

"Papa, hii ni vipande-vipande. Utaweka mukate ya Bwana juu ya kuni?"

"Ni ya mama ya watoto," nikamjibu. "Ukiikatala, umemukatala yeye."

"Yeye simukatale. Nakatala gundi."

Mama kiongozi wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, akamwambia mzee wa kanisa: "Basi panda juu, papa, wewe mwenye kilo mingi! Ikivunjika, tutajua."

Wanawake wakacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko karibu nami. Mzee akavua viatu, akapanda, akaruka mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Nilifumba macho. Meza haikutoa hata mlio.

Akabaki kule juu kidogo, akiutazama ubao chini ya miguu yake. Kisha akashuka, akavaa viatu.

"Shika upande ule, papa," akaniambia.

Tukaiingiza ndani.