Sauti ya Karwirwa Iliyonyooshwa

Yaliyotokea kwenye harusi ya Embu yamesimuliwa vibaya kuanzia Kianjai hadi Timau. Kwa kuwa nilikuwapo, na kwa kuwa jina lililotajwa pale ni la nyumba yangu, nimeona niyaandike mwenyewe. Lakini siwezi kuanza na harusi. Lazima nianze na Karwirwa.

Karwirwa ni wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, Mwalimu Ishmael Kaimenyi. Alizaliwa na sauti kama ya mtu mwingine yeyote. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kufukuza ndege katika mashamba ya ngano kule Timau. Kazi yenyewe ni kupiga kelele. Unasimama ukingoni mwa shamba tangu alfajiri, baridi ya mlima ikikukata masikio, na kila kundi la ndege likitua unalipigia kelele mpaka liondoke. Alifanya kazi hiyo misimu kumi na minne. Ndege walishindwa, na koo nalo likashindwa. Sauti yake ikapasuka vipande viwili. Cha chini kinakwaruza kama debe linaloburutwa juu ya kokoto. Cha juu ni chembamba, na huchomoka ghafla bila kumwarifu mwenyewe. Kati ya hivyo viwili hakuna kitu. Akikuamkia asubuhi unasikia salamu za watu wawili ambao hawajaelewana.

Mume wangu aliongoza kwaya ya kanisa letu pale Kianjai kwa miaka ishirini na miwili. Kwaya ilikuwa na soprano, alto, teno na besi, na Karwirwa hakuwa hata mojawapo. Ishmael alimpenda sana dada yake, kwa hiyo hakuweza kumwambia. Nilimwambia mimi. Kabla ya mashindano nilimvuta kando nikasema, "Fungua mdomo, tabasamu, lakini usitoe kitu." Alinitii. Jaji akaandika kwamba mama wa mstari wa pili anaimba kwa hisia kuliko wote.

Ishmael alipofariki, miaka minne iliyopita, Karwirwa alikuwa tayari anauza viazi vya Timau katika soko la Meru mjini. Hakuwa na kwaya ya kumnyamazisha, basi akawa anaimba kwenye meza yake ya viazi. Hapo ndipo Gachoki alipomsikia. Huyu Gachoki ni mwanamume mzima mwenye ndevu, hutengeneza simu zilizovunjika, na nyuma ya duka lake ana chumba cha kurekodi nyimbo.

Habari nilizipata kwa simu kutoka kwa binti yangu Kendi, ambaye ameajiriwa katika ofisi ya serikali Embu.

"Mama, anti Karwirwa yuko redioni."

"Amefanya nini?"

"Anaimba."

"Nani amemruhusu?"

Kendi alicheka mpaka simu ikakatika.

Wimbo unaitwa "Blanketi Fupi". Ni malalamiko ya mke wa Timau ambaye mumewe hulivuta blanketi lote upande wake. Kiitikio nitakiandika mara moja tu, kwa ajili ya ushahidi: "Ukivuta blanketi, baba, miguu yangu inalala mlimani." Hayo ningeyameza. Lakini mwishoni, ala zikiwa zinapungua, ile sauti ya debe inatangaza: "Ni mimi Karwirwa, dada ya Mwalimu Kaimenyi wa Kianjai!"

Mwalimu Kaimenyi, aliyefundisha nusu ya makarani wa kaunti hii kusoma. Mzee wa kanisa. Nilipoingia duka la dawa za mifugo kununua dawa ya kupe, muuzaji alinihudumia huku akijikwaruza koo apate kuimba kama Karwirwa. Nilikwenda Meru siku hiyo hiyo.

"Karibu studio, Mwalimu," Gachoki akasema. Nami watu huniita hivyo, kwani nilifundisha miaka thelathini.

"Hii ni studio? Naona vioo vya simu tu."

"Studio iko nyuma ya pazia."

"Mama wa watu, miaka hamsini na sita, umemfanya kichekesho. Kwa nini hukutafuta mtu mwenye sauti?"

Alikuna ndevu zake taratibu. "Sauti tamu ninazo, Mwalimu. Kwa hii kompyuta ziko kama mia mbili, nabonyeza tu. Mtu akizisikia anaendelea kuosha vyombo. Lakini huyu mama akianza, mtu anafunga mfereji asikie."

"Anasikia nini? Debe?"

"Anasikia mtu."

Nilimjibu kwamba hata ng'ombe akilia watu hufunga mfereji. Nikatoka nikaenda sokoni kwa Karwirwa mwenyewe.

Aliniketisha juu ya gunia akanisikiliza bila kunikatiza, jambo lililonitia wasiwasi. Nilimpa njia mbili. Aendelee kuimba lakini aliache jina la Kaimenyi, au alitumie jina na ainyooshe sauti.

"Jina sitaliacha, Mama Kendi," akasema. "Ni la kaka yangu kabla halijawa lako."

"Basi nyoosha sauti."

"Nikinyoosha, utaniacha niimbe?"

"Popote."

"Na blanketi?"

Nilifikiri kidogo. "Na blanketi."

Tulipeana mikono juu ya viazi. Yeye alitaka kuimba kwa jina la nyumba yao. Mimi nilitaka jina hilo lisichekwe. Niliona tumepata sawasawa.

Nilimpeleka Embu kwa Mzee Njagi, mwalimu mstaafu wa muziki ambaye amefundisha kwaya zaidi ya anavyoweza kukumbuka. Kila Jumamosi kwa miezi mitatu Karwirwa alilala chali sebuleni kwa Njagi akiwa na kitabu tumboni, akijifunza kupumua. Alifundishwa kupiga miayo ili koo lifunguke. Mara mbili alipiga miayo akalala. Alivuta mvuke wa majani ya mkaratusi, na akakatazwa kabisa kupaza sauti. Sokoni aliandika kwenye ubao: VIAZI VYA TIMAU. ULIZA POLEPOLE. Wateja walidhani amefiwa.

Mwezi wa tatu ulipokwisha Njagi alinipigia simu. "Kazi imekwisha, Mwalimu. Sasa anaimba kama wanafunzi wangu wote."

Nilimshukuru sana. Nashangaa sasa kwamba sikuona jinsi alivyolisema hilo bila furaha.

Karwirwa alikuja kwangu akaimba utenzi mmoja. Sauti ilikuwa safi kama gilasi iliyosuuzwa. Nilitoa machozi, nikatamani Ishmael angekuwapo.

"Wewe unaionaje?" nikamuuliza.

"Ni nzuri," akasema kwa upole mpya. "Ila nikiimba, najihisi kama nimevaa nguo ya kuazima. Naogopa kukaa vibaya."

Ndipo ukaja mwaliko wa harusi. Bi harusi, Kagwiria, ni msichana wa kwetu Kianjai. Alikuwa anaolewa na Nyamu wa Embu, na alikuwa amesema hakati keki bila "Blanketi Fupi". Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Rwamba, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Kwenye kadi ya ratiba walichapa: Karwirwa, dada ya Mwalimu Kaimenyi. Nilivaa suti yangu ya kijani nikaketi mstari wa mbele. Kwa mara ya kwanza sikuwa na hofu.

Gachoki alibonyeza kompyuta yake, ala zikaanza, na Karwirwa akaimba. Aliimba vizuri. Kila neno lilikaa mahali pake. Alipofika kwenye blanketi, ungedhani ni blanketi la hoteli.

Akina mama waliokuwa wamesimama tayari kucheza wakaketi mmoja mmoja. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Huyu si yeye!"

"Mmetuletea miraa ya jana!" mwingine akadakia, na watu wakaangua kicheko.

Mzee Rwamba alipanda jukwaani akaashiria ala zizimwe. Karwirwa, kwa kuwa ni mtu mnyofu, alitoa kitambulisho chake mkobani. Rwamba akavaa miwani, akakisoma mbele na nyuma.

"Kitambulisho hakiimbi, mama," akasema kwenye maikrofoni. "Hapa kuna sura. Sisi tulialika sauti. Hiyo sauti nimeisikia redioni leo asubuhi nikinyoa ndevu, hata nikajikata. Wewe hujanikata."

Watu wakapiga makofi.

"Na huyu Mwalimu Kaimenyi aliyechapwa kwenye kadi," akaendelea, "ni wa kweli, ama naye ni wa kutunga?"

Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Ni familia ya wakora hiyo. Wametuma binamu."

Maisha yangu yote ya ndoa, na miaka minne ya ujane, hakuna aliyewahi kuitaja nyumba yetu na ukora kwa pumzi moja. Nilipanda jukwaani kabla sijajua nitasema nini.

"Karwirwa," nikanong'ona, "imba kama zamani."

"Zamani gani?"

"Unajua. Ile mbaya."

Sikujua maikrofoni ilikuwa wazi. Wanaosema kwamba tuliupanga ugomvi uliofuata wanasema uongo.

"Ile mbaya?" Karwirwa akauliza, bado kwa ile sauti ya Njagi. "Ile uliyonikataza?"

"Hapa si mahali pake, wifi. Watu wanasikia."

"Wasikie! Kwenye kwaya uliniambia nifungue mdomo kama samaki, nikafungua. Miezi mitatu nimeuza viazi kwa ubao, watu wananiachia rambirambi! Nimelazwa chini na kitabu tumboni, mimi, mtu mzima! Sasa nimenyooka, unataka nipinde. Wewe Mama Kendi, kwani unataka nini?"

Kwenye hilo "nini" koo likaachia. Kipande cha chini kilikwaruza ubao wa jukwaa, na cha juu kikapasua mahema kikaenda zake. Halafu harusi nzima ikasimama.

"Ndiye! Ndiye huyo!"

"Mwongeze hasira kidogo, mama!" mtu akanipigia kelele.

Mzee Rwamba alivua kofia. Akanigeukia na maikrofoni yake. "Huyu tumemtambua. Na wewe uliyemkasirisha, ni nani kwake?"

Ningeweza kusema ni jirani. Umati ungecheka, nami ningeshuka na jina langu mkobani. Lakini nilimwona Karwirwa ananitazama, kifua kikipanda na kushuka, na nilijua kwamba nikimkana pale, hatafungua tena mdomo kwa jina hilo wala kwa lingine.

"Mimi ni mjane wa Mwalimu Ishmael Kaimenyi wa Kianjai," nikasema. "Alikuwa mtu wa kweli kuliko wengi mlio hapa. Huyu ni dada yake wa tumbo moja, na hiyo ndiyo sauti yake."

Walishangilia. Sikuwa nimesikia watu wakilishangilia jina la Ishmael tangu mazishi, na huko mazishini tulikuwa tumeagizwa tusipige makofi.

Karwirwa akaimba upya. Bi harusi alicheka hadi pazia la usoni likaanguka kwenye keki. Nyamu alivuta kitambaa cha meza akajifunika peke yake, akapigwa kofi la upendo na wakwe. Mimi nilibaki pembeni mwa jukwaa, kwa kuwa hakuna aliyenionyesha ngazi. Nikasikiliza wimbo wote kwa mara ya kwanza. Ile sauti inapopasuka kwenye "mlimani" huna nafasi ya kuona kama ni nzuri. Unahisi miguu yako imepata baridi. Blanketi langu ni refu siku hizi, na hakuna anayelivuta. Nilitafuta leso.

Njagi naye alikuwa amealikwa. Alinifuata kwenye meza ya chakula, akaniomba radhi kwa kazi yake nzuri.

Wiki mbili baadaye Karwirwa alikuja kwangu na sukari, majani ya chai na Gachoki. Hivyo nilijua ana ombi rasmi. Wana wimbo mpya, akasema, unaitwa "Mama Kendi Unataka Nini", na hawezi kuutoa bila idhini ya mwenye jina. Niliwanywesha chai. Nikasema idhini nitatoa, ila maneno yapite kwangu kwanza, kwa kuwa kuna watoto wa shule watakaoyasikia.

Nimeshayasahihisha mara mbili. Beti mbili za kwanza hazina taabu. Ya tatu inasema nilipanda jukwaani kwa viatu vya visigino virefu, nikiyumba.

"Vilikuwa bapa," nilimwambia. "Na sikuyumba."

"Najua," Karwirwa akasema. "Lakini bapa haviimbiki, Mama Kendi. Jaribu mwenyewe."

Nilijaribu. Gachoki, nyuma ya kikombe chake, aliniuliza kama nimewahi kurekodi. Nilimwambia anywe chai.